Kitenge Juu ya Chupa

Nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia Makambako, shahada bado inaninukia. Nilipanda maharage kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, ili wanafunzi waione mizizi. Mama akaja kunitembelea kutoka Kifanya, anakootesha miche ya misindano, ile miti ya mbao, tangu sijazaliwa. Alipozikuta chupa dirishani mwa darasa, alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akazifunika.

"Mizizi haitaki kuanikwa, mwanangu."

Nilikivuta kile kitenge mbele ya darasa zima. "Mama, hapa ni shuleni, siyo kitaluni!" Wanafunzi wakacheka. Mama alikikunja taratibu, akatoka.

Baada ya wiki mbili mizizi ilikuwa imedumaa. Ndipo nilipofungua kitabu, mjinga mimi, nikasoma kwamba mizizi nayo ina protini zinazohisi mwanga, na mwanga ukiifikia, ukuaji wake huvurugika.

Mama hajawahi kulitaja jambo hilo. Mimi kila mwaka nafunika chupa zangu, nasimama mbele ya darasa na kusema, "Wataalamu wamegundua kwamba mizizi haitaki mwanga." Mama simtaji.