Moshi wa Jirani

Mama huyu jirani yangu ananichosha. Kila Pasaka huegemea uzio, vidole vyeusi kwa masizi, akanisuta: “Jirani, mayai ya majira ya kuchipua ya nini na majani yanapukutika? Hapa Tasmania, kusini mwa dunia, siyo Ulaya!” Kila Juni, usiku ulio mrefu kuliko wote, huwasha moto wa kuliita jua lirudi, na moshi wote huishia kwenye mashuka yangu kambani. Nimemwombea, nimemfokea, wapi! Mwaka huu sikukuu yake iliangukia siku niliyomzika mume wangu, Colin. Jioni nikachungulia: kuni amezipanga, yeye amekaa tu gizani.

“Mbona huwashi?”

“Una msiba, jirani. Jua litarudi tu.”

Mwanamke gani huyu! Nikachukua kiberiti, nikaenda kuuwasha mwenyewe. Mashuka ya Colin nikayaacha kwenye kamba.