Futi ya Cherehani Dukani

Na ndiyo maana nilienda duka la kompyuta na futi yangu ya kushonea, na sijutii.

Tangu harusi, kila Jumamosi Wafula wangu huniacha hapa Kitale anaenda Kanduyi kwa kaka yake, kucheza mpira kwa kompyuta. Kompyuta yetu ina kasha jembamba na haina kadi ya picha, kwa hivyo mchezo unakwamakwama. Nikaapa kwamba leo mume wangu mtamu atacheza nyumbani, kando yangu.

Niliulizia kadi ndogo ya picha, lakini muuzaji akaniwekea mezani kadi kubwa, feni yake kama sahani. "Chukua hii, madam. Hiyo ndogo ya bei rahisi ni ya watoto."

Nikatoa futi. Jana, Wafula akioga, nilifungua kompyuta nikapima nafasi ya ndani vile napima kiuno cha mteja.

Akacheka mpaka wateja wote wakageuka. "Ati anapima. Madam, hii si suruali, bana."

Uso ulinichoma, lakini nikapima. Ile kubwa ilizidi kwa vidole vitatu.

Akaniletea ndogo mwenyewe.

Sasa iko ndani, imetoshea kabisa. Mpira haukwami tena, na mpenzi wangu ameegemea bega langu. Nimemfunga mbili bila. Anasema ati kiti ndicho kibaya.

Semeni ukweli, nani kati yenu angepima?

Shemeji wa Kanduyi, pole, leo umecheza peke yako. Kabla ya mwezi huu kwisha tutakuja kukuona, na safari hii tutakuja wawili.