Wanawake Watatu Barazani

Leo nacheka kwa sababu mambo yamekwisha, lakini siku ile, wallahi, ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Nilikuwa nimeposa Msuka, sisi tuko Mtambile, yaani kisiwa kizima katikati, na Bi Zuwena, bibi yake Saada, magoti hayamruhusu safari, kwa hiyo akasema kabla hajatoa jibu apelekewe picha ya nyumba atakayokaa mjukuu wake. Jambo dogo. Ila kila nikipiga, mbingu inatoka nyeupe pe na baraza nyeusi tii, ndipo nikapakua programu ya bure ya kutengeneza picha za HDR: unapiga tatu, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, inaziunganisha, na picha inatoka kama macho yanavyoona (ukiwa na kiasi, na kiasi mimi sikuzaliwa nacho).

Maelezo yalisema simu isitikisike na mtu asipite. Simu nikaiegemeza juu ya kinu. Lakini mama yangu na ungo wake wa karafuu, jua limeshatoka, nani wa kumwambia asubiri? Akapita barazani taratibu, mimi napiga tu, nikijua programu itamfuta. Kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki ili ifute chochote kilichosogea, sikukigusa, nilikuwa na haraka ya rangi. Nikazivuta hadi mwisho, minazi ikawaka, mbingu ikawa ya zambarau, nikajiona fundi, nikamtumia ami yake Saada bila hata kuikuza picha nikaitazama.

Jibu lililokuja halikuwa la posa. Ami aliuliza, kwa upole kabisa, kama nyumba yetu imewahi kusomewa.

Kesho yake asubuhi akafika na maalimu na chetezo cha ubani. Mama akawafungulia na ungo mkononi, kanga ileile, na maalimu (mtu mzima na ndevu zake) akarudi kinyumenyume hadi akajikwaa kwenye kinu. Ami akanionyesha simu: barazani kwetu wanawake watatu wa kanga moja wanafuatana, na mlango unaonekana kupitia matumboni mwao.

Ikabidi niseme. Nikawaonyesha zile picha tatu mojamoja, mama anachungulia begani kwangu.

"Kwa hivo jini ndo mie," akasema, akaenda kuanika karafuu zake. Chai siku hiyo sikupewa.

Ami akampigia Bi Zuwena, akamweleza, akaweka spika. Bibi akataka aelezwe tena tangu mwanzo, nami nikaona Saada ndiyo basi tena.

"Nyumba hino nzuri," akasema mwishowe, kisha akafika kwa mama mkwe mwenyewe. "Mavyaa mmoja mjukuu wangu atamuweza. Hao wawili mkawatoe kwanza."

Nikawatoa hapohapo kwa kile kisanduku, maalimu akishuhudia, na rangi nikazirudisha chini. Saada nikampata.

Picha hizo napiga bado, ila nimeapa sibonyezi kabla sijapaza sauti kumuuliza mama yuko wapi.

"Tuko jikoni," hunijibu, "sote watatu."