Tairi la Mbele Upande wa Yaya

Mama yetu alipokufa, yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili ile, nilipomkuta amesimama kando ya gari la mume wake, amevaa viatu vyeupe na kitambaa kipya kichwani, furaha yake iliniingia hata mimi. Gari lilikuwa la rangi ya majivu, na Wazungu wawili walikuwa wamelitumia kabla halijafika kwetu. Katika barabara yetu yote, mule mu sité, mtaa wa watu weusi wa Élisabethville, hapakuwa na mtu mwingine mwenye gari. Majirani walikuwa wametoka na viti vyao kuliangalia.

Mume wa yaya, mulamu wangu, alikuwa mtu wa Kasai, mwuza vitambaa sokoni, msomi, mtu wa tai na kofia. Sisi tulikuwa watu wa kaskazini, watoto wa mfanyakazi wa reli. Baba hakuitaka ndoa ile mwanzoni. Mulamu alikuwa amejitahidi miaka mingi kumwonyesha kwamba binti yake hakupotea, na gari lile lilikuwa sehemu ya jibu lake. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kubatiza mtoto wa ndugu yetu, kwenye kijiji kilicho mbele ya Kinsevere.

Mimi nilikuwa fundi wa matairi katika garaji moja mjini. Miaka minane nilikuwa nimevua matairi, nimeziba mipira ya ndani, nimejaza upepo. Nilikuwa na mazoea, ambayo sijayaacha hata leo, ya kuzunguka gari lolote kabla ya kupanda na kupitisha kiganja juu ya kila tairi. Asubuhi ile nilizunguka. Matairi ya nyuma yalikuwa bado na meno. La mbele kushoto lilikuwa limechakaa, lakini lilifaa. La mbele kuume, upande ambao yaya angekaa, lilikuwa na uvimbe ubavuni, mkubwa kama nusu ya limau. Niliubonyeza, kidole kikazama kidogo kisha kikarudishwa.

Uvimbe wa namna ile si jambo la kujadili. Maana yake nyuzi za ndani zimekatika na upepo unasukuma mpira mtupu. Barabarani, jua likiwaka na mzigo ukiwa mzito, utapasuka. Hujui tu saa. Na likipasuka la mbele, usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Dawa yake ilikuwa ndogo: kulitoa na kuweka lile la akiba, kazi ya nusu saa.

Niliinua kichwa. Mulamu alikuwa anawaeleza majirani jinsi taa zinavyowashwa. Baba yangu alikuwa amekaa mbele kabisa kati ya viti vya majirani, na kwa mara ya kwanza nilimwona anamtazama mkwe wake kwa heshima. Nilifikiri: nikisema sasa, nitamwaibisha mbele ya baba. Nikasema moyoni, tutakwenda polepole, tukifika nitamwambia pembeni, tutabadilisha kule.

"Iko muzuri?" mulamu aliniuliza.

"Iko muzuri, mulamu," nikajibu.

Tulipakia magunia mawili ya unga, kreti ya bia, kuku watatu, na vitambaa vya mama wa mtoto. Yaya akakaa mbele, karibu na mume wake. Mimi nikakaa nyuma kati ya magunia.

Tulipita njia ya kaskazini, tukauacha mji nyuma, pori likaanza. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imekauka, ina mawimbi yaliyotikisa meno. Mulamu alikuwa anaendesha kwa kasi kuliko nilivyotaka. Mara mbili nilisema, "Polepole, mulamu," naye akacheka, akasema gari hili limezoea. Yaya alikuwa anaimba wimbo wa misa kwa sauti ya chini.

Uvimbe ukapasuka. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Gari likavuta kuume, mulamu akakanyaga breki kwa nguvu zote, jambo ambalo halifai kabisa kufanywa tairi likipasuka, na sisi tukaingia mtaroni na kugonga kichuguu.

Vumbi lilipotulia nilisikia kuku wanapiga kelele. Nilikuwa na damu puani tu. Mulamu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha. Yaya hakulia. Alisema, taratibu, kama mtu anayeomba maji:

"Muguu yangu iko wapi? Minaitafuta, siione."

Mlango wa upande wake ulikuwa umebanwa na kichuguu, na bati la mbele lilikuwa limekunjamana na kukamata mguu wake wa kuume chini ya goti. Tulijaribu kumvuta kupitia upande wa usukani, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, hata alipokuwa anajifungua. Tukaacha. Nilifunga paja lake kwa tai ya mulamu ili damu isiende. Nilielewa kwamba hatatoka mpaka gari lirudishwe nyuma, liachane na kichuguu.

Gari la Mzungu lilipita. Lilipunguza mwendo, tukaona uso wa mwanamke kwenye dirisha, likaendelea. Kisha, baada ya muda ambao siwezi kuupima, ikaja lori ya shamba yenye magunia ya mahindi. Dereva alikuwa Mubemba mzee, mwenye nywele nyeupe, na juu ya magunia walikaa wafanyakazi wawili. Alishuka kabla hatujamwita. Alimtazama yaya, akavua kofia.

"Niko na munyororo," akasema.

Mnyororo ulikuwa umelala chini ya kiti chake siku nyingi. Niliupitisha mkononi pete kwa pete. Ulikuwa na kutu, na pete mbili zilikuwa zimeliwa. Nikamwuliza kama ana kamba. Alikuwa nayo moja, ya katani, nzuri, lakini nyembamba.

Nilikuwa nimeona, mwaka wangu wa pili garajini, waya wa kuvutia ukikatika. Mtu aliyekuwa amesimama kando yake, mtu mwenye utani mwingi, alianguka bila kusema neno, na sisi tuliobaki tuliosha sakafu. Tangu hapo nilijua kwamba kitu kinachovuta gari, kikiwa kimekazwa, hakina rafiki. Lakini kamba nyembamba isingeweza, na yaya alikuwa anapauka.

Basi nikafunga mnyororo, si kwenye bampa, ambayo ingeng'oka, bali chini, kwenye chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma. Nikaomba magunia matupu, nikayalaza juu ya mnyororo katikati, nikayatia udongo ndani ili yawe mazito. Mnyororo ukikatika, yaushushe chini usiruke. Nikafungua buti ya nyuma ya gari, nikaiacha imesimama wima kama ngao kati ya mnyororo na kioo. Yaya nilimfunika kichwa na blanketi.

"Bantu bote barudie nyuma!" nikapiga kelele. "Mbali! Kupita urefu ya munyororo!"

Wafanyakazi wakakimbia. Mulamu hakutoka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa usukani, amenyoosha mkono ndani, ameshika mkono wa mke wake.

"Mulamu, toka pale."

"Siwezi kumuacha peke yake."

"Toka pale!"

"Ni bibi yangu."

Sikuwa nimewahi kumwinulia sauti mtu aliyemwoa dada yangu. Kwetu, mulamu mkubwa unamsalimia kwa kuinama. Lakini nilimshika shati kifuani, nikamvuta, nikamsukuma mpaka akaanguka kwenye majani, kofia yake ikabingirika. Nilimwambia, "Ukikufa wewe, nani atamubeba?" Alibaki pale chini. Mimi nikaingia garini mahali pake, nikatoa breki, nikaweka gia katikati, nikashika usukani, nikajikunja chini ya kimo cha kiti. Kwa mkono mwingine nilimshika yaya.

"Baba," nilimwita dereva, "pole pole. Munyororo inyooke kwanza, njo uvute. Hapana kuruka."

Mzee aliijua kazi. Lori ilijongea kama ng'ombe anayelala. Mnyororo ukanyooka, ukalia. Gari likatetemeka, likasogea kiasi cha kiganja. Kisha pete ikakatika.

Sikuona kitu, nilisikia tu. Buti ya nyuma ilipigwa pigo moja kubwa, gari zima likalia kama ngoma. Baadaye tuliona bati limepasuka mahali pa upana wa mkono. Kipande kingine kilikuwa kimezunguka upande wa usukani, kikakata kitasa cha mlango. Pale ndipo mulamu alipokuwa amesimama.

Mzee alileta kamba, tukaikunja mara tatu ili iwe nene, nikaifunga tena, magunia tena, watu mbali tena. Kwa kuwa gari lilikuwa limeshasogea, kamba ilitosha. Lilirudi nyuma, kichuguu kikaachia mlango. Tukamtoa yaya. Alizimia mikononi mwetu, na nilimshukuru Mungu kwamba amezimia.

Lori ilimpeleka mpaka hospitali ya watu weusi mjini, amelala juu ya mahindi, kichwa chake kwenye mapaja ya mume wake. Siku iliyofuata walimkata mguu chini ya goti.

Siku ya sita, mzee yule aliomba ruhusa kwa bwana wake, akaja na lori kunisaidia kulirudisha gari. Nilikuwa nimekwenda mapema, nikanyoosha chuma cha usukani, nikaweka tairi la akiba, nikajaribu breki mara nyingi mpaka nikaridhika. Nilinunua kamba mpya, nene. Katikati yake nilifunga kitambaa chekundu ili waendesha baiskeli wanaobeba makala, mkaa wa kupikia, waione. Nilimweleza mzee ishara: mkono mmoja nje, polepole, mikono miwili, simama.

Mulamu alisema atakuja. Akakaa mahali alipokuwa amekaa yaya, juu ya alama ya damu ambayo nilikuwa nimeshindwa kuiosha. Mimi nilishika usukani.

Gari linalovutwa halina sauti. Injini imekufa, unasikia mchanga chini ya matairi, unasikia ndege. Anayevutwa ndiye anayeshika breki, kidogo kidogo, ili kamba isilegee halafu ikanyakuliwa ghafla. Macho yangu hayakutoka kwenye kile kitambaa chekundu. Labda kwa sababu hiyo niliweza kusema, kwa kuwa sikulazimika kumtazama.

"Mulamu. Ile mupira, niliiona asubuhi. Niliona kuvimba. Nikanyamaza."

Nilidhani atanipiga, na nilijua sitainua mkono.

"Sababu gani ulinyamaza?"

"Baba alikuwa anakuangalia muzuri."

Alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yake yalitikisika, na mimi niliendelea kukanyaga breki na kuachia. Mwishoni akasema, sauti ikitoka ndani ya kofia:

"Mimi pia niliiona. Juzi yake. Mutu mwenye kuniuzisha aliniambia nibadilishe. Nikawaza, ukiiona wewe, utasema. Nilikuuliza, ukasema iko muzuri, nikafurahi. Nilitaka useme vile."

Tulifika mjini. Jioni hiyohiyo, kabla ya saa ya kufunga milango ya wagonjwa, tulikwenda kwa yaya, sote wawili, tukasimama kando ya kitanda chake. Mulamu alianza, akashindwa, nikamalizia mimi.

Yaya alitusikiliza akiwa anaangalia ukuta. Halafu akauliza, "Wote wawili?"

"Wote wawili, yaya."

"Mutoke."

Siku tatu hakutaka kutuona. Mtawa mmoja alitupokea mlangoni na kutupeleka nje kwa upole. Siku ya nne aliniita mimi peke yangu, akaniambia nimletee bukari, ugali wa kwetu, na samaki, chakula cha hospitali hakina chumvi. Alikula polepole, akanipa sahani. Hakusema kwamba amesamehe, wala mimi sikuuliza. Wiki iliyofuata alimwita mume wake.

Aliishi. Alitembea na fimbo, akazaa tena mara mbili. Mulamu hakuendesha gari tena maisha yake yote; mimi ndiye niliyewapeleka misani na sokoni, na kabla ya kuwasha injini yaya alinitaka nizunguke gari na kutaja kwa sauti, tairi moja moja, nilichokiona, hata kama kanisani tumechelewa, hata kama majirani wanacheka.

Mmoja wa majirani hao, miaka michache baadaye, alinunua gari lake. Siku alipolileta watu walijaa, ngoma ilipigwa. Nilipitisha kiganja, nikakuta ufa mrefu kwenye tairi la nyuma, nyuzi zinaonekana. Nilimwambia palepale, mbele ya mke wake, mbele ya wazee wake. Alinijibu vibaya, akasema nina wivu. Kwa mwezi mzima hakuitika salamu yangu. Niliendelea kumsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi nilitazama lile tairi, mpaka siku moja nikaona amelibadilisha.