Honi Ndefu kutoka Luena

Sisi tuliokulia karibu na depo ya reli pale Kamina, miaka ile ya tisini, hatukuhitaji redio kujua timu yetu imefanya nini. Timu ya reli ikitoka kucheza ugenini, dereva wa treni alipiga honi kabla ya kuingia stesheni: moja ndefu, tumeshinda, fupi fupi, tumefungwa. Kwa miaka mingi tulisikia zile fupi tu. Mama akizisikia alianza kuchemsha maji ya kumkanda golikipa, ambaye alikuwa baba yangu.

Mimi nilijiona bingwa wa honi. Watoto wenzangu walinizunguka nikiwa nimelaza sikio kwenye reli, uso nimeukunja kama daktari, natangaza treni iko wapi na imebeba nini. Ukweli nilikuwa nakisia tu, ila kwa sauti kubwa.

Halafu vita vikaja, na katikati ya vita timu yetu ikaanza kushinda. Sababu hakuna aliyeijua. Labda bukari, yaani ugali wetu, ilipopungua sahanini wachezaji walipata wepesi. Ikabaki mechi moja, ya ugenini kule Luena, ili tuchukue kombe kwa mara ya kwanza. Jirani yetu Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa vitenge ambaye wazazi wake walitoka Maniema, akaahidi mbuzi mzima. Mama hakuwazia mbuzi. Siku hizo askari walikuwa wakizuia treni njiani, na waliosafiri hawakurudi wote. Alimfungia baba mihogo na samaki wakavu, akamwambia, "Urudi muzima. Ile kombe yenu, minyi sina kazi nayo."

Jioni moja honi ikalia kwa mbali, ndefu kabisa. Sikungoja ya pili. Nikakimbia mtaa mzima nikipiga kelele: "Batu, tulishinda! Banakuya na kombe!"

Mzee Ramazani akanisimamisha. "Weye Ngoie, uko na hakika?"

"Minyi njo najuaka honi, Mzee!"

Mbuzi akachinjwa. Tukajaa stesheni tukigonga sufuria na kuimba, na mimi mbele. Treni iliposimama wakashuka askari, wamejaa vumbi, wanaelekea Base, kambi ya jeshi. Dereva wao alikuwa mgeni, desturi yetu hakuijua. Honi ile aliipiga kufukuza mbuzi waliolala relini. Askari walidhani tumekuja kuwapokea wao. Mmoja alilia machozi. Nani angemweleza?

Mzee Ramazani alinitazama, kisha akageukia wapishi. "Nyama ikiiva, muwape, bakule."

Wakati wanakula, mama akauliza habari za timu. Askari mmoja akajibu bila ubaya: "Bale ba mpira? Tulibaacha Luena. Injini yabo njo hii, tuliikamata." Mama akakaa chini pale pale kwenye sementi. Hakunigombeza, na mimi nilitamani anichape.

Siku zikapita. Kila honi ikilia mtaa mzima ulinitazama, nami nikawa na shughuli nyingi za kuchambua sombe, majani ya mihogo ya mboga. Hatimaye asubuhi moja ikalia tena, ndefu. Safari hii nilifunga mdomo. Nilimnong'oneza mama peke yake, tukaenda wawili.

Mabingwa wakashuka kutoka behewa la makaa ya mawe, weusi tii, meno tu yanaonekana. Kapteni akainua kombe juu, akaangalia huku na huku. "Batu iko wapi?" Nikatazama viatu vyangu, ambavyo sikuwa navyo.

Leo wanangu wanajua matokeo kabla refa hajaweka filimbi mfukoni. Mtu akitoka uwanjani salamu yao ni "ngapi ngapi?", na wakijibiwa wanarudi kwenye simu. Nikiwasimulia habari za honi wananionea huruma, mimi mtaalamu niliyeua mbuzi bure.

Ila hawakumwona mama asubuhi ile. Alimpapasa baba kichwa, mbavu, mikono, kidole kwa kidole, kitenge chake kizuri kikijaa masizi. "Uko muzima? Kweli uko muzima?" Kombe lilikuwa chini kwenye kokoto, hakuna aliyelitazama. Tulirudi nyumbani, baba akaoga, tukala, tukanawa mikono. Ndipo nilipokumbuka kuuliza walishinda mangapi.