Alama Ambayo Wifi Hakuifundisha

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni fundi wa nguo na ana wivu. Nayasema haya akiwa hai, mzima, na mkasi mkononi, kwa hiyo msinione msengenyaji. Mbele yake nayasema vilevile, tena kwa sauti.

Chumba chake cha ushonaji kina cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya kutolea vipuri, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Kila Jumamosi mchana alikuwa anasukuma vitambaa kando, anachukua chaki ya kuwekea alama nguo, na kuchora mistari mitano juu ya meza kwa rula yake ya mbao. Kwaya yetu nzima ilijifunzia noti hapo. Kabla yake tulikuwa tunaimba kwa kukariri kama kasuku, na anayekosea anakosea na jirani yake.

"Huu ni ufunguo wa sol," alituambia siku ya kwanza, akauchora kwa mkono mmoja bila kuinua chaki. "Tumbo lake limezunguka mstari wa pili. Noti ikikaa hapo, ni sol. Ukishamjua sol, wengine wote ni majirani zake."

Noti nzima, alisema, ni yai tupu. Ipe kijiti, inakuwa nusu. Lijaze yai wino, inakuwa robo. Shapu inapandisha sauti kidogo, flati inashusha kidogo, kama pindo la suruali. Herufi p ni kuimba kwa sauti ya chini, f ni kwa nguvu. Sisi tukasema f ni fujo, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alama ya kimya ndiyo iliyonishinda mimi.

"Kimya nacho ni muziki, wifi," aliniambia mbele ya watu. "Kwa hiyo funga mdomo."

Enzi hizo alikuwa mtu wa raha, kwa sababu solo ilikuwa yake. Kila tamasha, kwaya ikitulia, wifi anatoka mstari wa mbele na ile sauti yake. Ana mtindo wake: akifika noti ya juu kabisa, kabla ya kushuka, anakawia pale, anaiacha ikae hewani, halafu anashuka taratibu. Watu hawapigi makofi mpaka amalize kushuka.

Halafu akaja Chiriku. Ni binti anayeuza dawa katika duka lililo mkabala na chumba cha wifi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hanyamazi, akipima dawa ya kikohozi anaimba. Alivuka barabara Jumamosi moja, akaomba kufundishwa. Wifi akamkaribisha kwa mikono miwili, akampa na kigoda. Baada ya muda mfupi binti anasoma mistari mitano kama anasoma bei za dukani. Mwalimu wa kwaya akamsikia, akavua miwani, akaivaa tena.

Kuanzia hapo wifi alibadilika. Chai hainyweki, kaka yangu akiuliza kitu anajibiwa kwa mguno. "Ana sauti nyembamba," ananiambia. Kesho yake, "Ana sauti nene." Mbele ya Chiriku anatabasamu na kumwita mdogo wangu, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, binti wa watu asione kitu.

Mwalimu akatangaza kwamba solo ya tamasha itashindaniwa na hao wawili, kwa wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wausome papo hapo kwenye karatasi. Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano nilikuwepo chumbani kwa wifi. Chiriku aliomba afundishwe alama zilizobaki. Wifi akamchorea zote, isipokuwa moja: ile nusu duara yenye nukta chini yake, inayokaa juu ya noti na kumwambia mwimbaji, subiri hapa, usihesabu, shikilia. Sisi tunaiita jicho. Nilimwangalia wifi, naye akanikata jicho la kwake.

"Hizo zinatosha," akasema, akafuta meza kwa kitambaa.

Siku ya siku tulikusanyika katika darasa tunalofanyia mazoezi. Kwa kuwa maneno ya upendeleo yalikuwa yameanza, mwalimu alisema hataki kumwona anayeimba. Akageuza kiti, akakaa akitazama dirisha. Wakapiga kura kimyakimya nani aanze. Ikamwangukia Chiriku.

Akashika karatasi, akaimba. Wifi alisimama kando yangu, na nilijua anachosubiri. Katikati ya mstari wa tatu wa wimbo, juu ya noti ya juu kabisa, jicho lilikuwepo. Chiriku akifika pale atapita mbio, na solo itarudi kwa mwenyewe. Chiriku akafika. Akakawia. Akaiacha noti ikae hewani, halafu akashuka taratibu.

Zamu ya wifi ilipofika, hasira zilikuwa zimempanda. Aliimba vizuri mwanzo, lakini akili haikuwa kwenye karatasi. Mstari wa tatu alilipita jicho bila hata kupunguza mwendo.

Mwalimu hakugeuka. "Hakuna haja ya kubishana," akasema. "Wa kwanza ni fundi wetu, kukawia kule nakujua hata nikiwa usingizini. Solo ni yake. Wa pili ni Chiriku, ana sauti nzuri, ila amepita alama ya kusubiri kama haipo. Fundi, mbona hujamfundisha?"

Wifi angeweza kunyamaza kidogo tu, mwalimu akaliandika jina lake, na sijui nani kati yetu angethubutu kusema ukweli. Chiriku ndiye aliyeuliza, akiigeuzageuza karatasi, "Alama ipi, mwalimu?"

Mwalimu akageuka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Wa pili ni mimi," wifi akasema. "Na alama hiyo sikumfundisha kwa sababu nilimwonea wivu."

"Basi ulijuaje kusubiri?" mwalimu akamuuliza Chiriku.

"Sikujua kitu," binti akasema. "Dada huwa anasubiri pale juu. Mimi naimba kama yeye."

Solo akapewa Chiriku, na hakuna aliyepiga makofi.

Tulitembea kurudi nyumbani, mimi na wifi. Alikuwa analia bila kujificha.

"Angenishinda kwa sauti yake ningevumilia," alisema. "Kanishinda kwa yangu. Sasa nitaimba na nini?"

Nikamwambia pole, nikamshika mkono. Lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nimeimba nyuma ya mgongo wake miaka yote hii, na hakuna binadamu aliyewahi kumsikia mtu mwingine akadhani ni mimi.