Redio ya Babu haikufa kwa uzee

Hili sijawahi kumwambia mtu: redio ya Babu niliiua mimi.

Niliiunga kwenye betri ya pikipiki, volti kumi na mbili. Ikatoa moshi. Babu akasema, "Imezeeka kama mimi."

Leo nimejikaza, nikaipeleka kwa fundi redio, Magomeni. (Mnanijua, hata shikamoo yangu haisikiki.)

"Marahaba. Sema kwa sauti, binti, sing'ati!"

Nikaomba regyuleta ya kupunguza volti za betri. Ya volti tisa, ili sauti iwe kubwa, maana Babu hasikii vizuri.

Fundi akacheka hadi akaweka bisibisi chini.

"Volti siyo sauti! Soma hapa nyuma ya redio: tano. Unataka kuiua mara ya pili?"

Mara ya pili! Kumbe alishajua. Nilitamani ardhi inimeze.

Akabadilisha kilichoungua, akanipa regyuleta ya tano. "Inapata moto, ifunge kwenye bati ipoe." Nyumbani nimeifunga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa.

Jamani, INAONGEA! Mtu anasoma bei za mahindi!

Nasikia fimbo ya Babu inakuja. Daftari langu la michoro ya nyaya za redio huwa nalificha chini ya godoro. Leo nimeliacha wazi mezani.

"Nani anaongea humo?"

"Redio yako, Babu. Ingia, nikueleze nilivyoiua."